Kona ya Hatchaloo Inatembea

Machi 2, 1957, Jumamosi

Mimi Ples Hardaway, miaka sabini na mmoja, meno kumi na tisa yote yangu mwenyewe, leo naanza kuandika. Shule sikuiona. Herufi nilijifunza ubavuni mwa mabehewa ya mizigo yakipita mbele yangu, ndiyo maana nasoma vizuri zaidi neno likiwa linatembea. Daftari kaninunulia mke wangu Arzula. Kasema, "Bwana Hardaway, hadithi zako nimezisikia miaka arobaini na sita. Sasa ziambie karatasi, na mimi nipumzike."

Haya karatasi, kaa vizuri. Unaongea na mwimbishaji bora aliyewahi kusimama kando ya reli katika Alabama nzima. Miaka thelathini na mmoja nimeimbisha genge la Kilgo, mafundi wa reli wa mji wetu. Watu kumi, kila mtu na mtaimbo wake chini ya reli, mimi naimba, wao wanaitikia, na kila wakiitikia wanasukuma pamoja, reli iliyopinda inanyooka. Siku moja niliimba vizuri mpaka reli ikanyooka kabla watu hawajashika mitaimbo. Shemasi Tuggle atakwambia ni uongo. Tuggle ana wivu, hana sauti wala meno.

Mvua siku ya nne leo.

Machi 5

Mvua.

Machi 8

Barua kutoka Detroit! Binti yetu Verlene anakuja Pasaka. Atashuka hapa Kilgo na treni namba saba, Jumamosi tarehe ishirini Aprili, saa nne na robo asubuhi, yeye na mtoto mchanga ambaye hatujamwona. Mtoto wamempa jina langu. Ples! Barua nimeisoma stesheni, nimeisoma kwa kinyozi, nimeisoma dukani. Arzula anasema nimewasomea hadi kuku.

Machi 12

Leo mvua imepumzika, nikatembea juu ya reli mpaka kona ya Hatchaloo, nusu maili kutoka stesheni. Miguu yangu haijui njia nyingine.

Kona imepinda. Imesogea upande wa kijito upana wa vidole viwili. Nilichuchumaa, nikafumba jicho moja, nikaangalia reli kama mtu anayelenga bunduki. Vidole viwili kamili.

Tuta lile tulilijenga sisi, mwaka 1919. Chini ni kinamasi. Nyapara wetu wa wakati huo, Kapteni Yancey, alikuwa na haraka, akasema tutupe magogo, juu ya magogo udongo, juu ya udongo kokoto. Nyumbu mmoja na gari lake walizama humo, hatukuwaona tena. Hilo nalo Tuggle anasema ni uongo, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika hatamu!

Gogo haliishi milele. Miaka thelathini na nane si kidogo, hata mimi magoti yananiuma.

Zamani kona ikipinda asubuhi, mchana tumeshainyoosha. Lakini msimu wa majani kupukutika uliopita kampuni imelivunja genge. Wamebaki watu watatu na kiberenge, kigari chao cha reli, wanakaa mji wa jirani, wanahudumia maili arobaini. Kilgo nzima imezaliwa na reli hii. Injini zilisimama hapa kunywa maji, watu wakajenga karibu na maji, likaja kanisa, ikaja pamba, zikaja fitina. Sasa injini zinakunywa mafuta, hazina kiu. Vijana wamepanda treni kwenda kaskazini. Tumebaki wazee na tangi linalovuja.

Machi 13

Nimempata nyapara mpya, Kapteni Stallworth, akiwa stesheni anakunywa kahawa. Ni Mzungu, ana miaka ishirini na tisa. Nina soksi zenye umri mkubwa kuliko yeye.

Nikavua kofia. "Kapteni, kona ya Hatchaloo inatembea."

"Inatembea, mjomba Ples? Inakwenda wapi?"

"Inakwenda kijitoni, Kapteni. Vidole viwili."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Hii ni kama lile daraja ulilopigia kengele ya kanisa?"

Ngoja nieleze. Mwaka 1949, tarehe mosi Aprili, niligonga kengele nikapiga kelele kwamba daraja limechukuliwa na maji. Nusu ya mji walitoka na nguo za kulalia. Mke wa mchungaji alikuwa na soksi moja. Ulikuwa mzaha mzuri kuliko yote ya maisha yangu, na tangu siku ile nikisema kunanyesha, watu wanatoa mkono nje kwanza.

Lakini kijana akaenda kuangalia, nimpe haki yake. Akarudi hacheki. Amesimika kibao cha mwendo mdogo, maili kumi kwa saa. Kokoto ameziomba. Zitakuja Mei.

Mei! Pasaka ni Aprili.

Machi 14

Mvua.

Machi 17, Jumapili

Mvua. Mchungaji amehubiri habari za Nuhu. Watu wakageuka wote kunitazama, kana kwamba mimi ndiye ninayeimwaga.

Machi 22

Vidole viwili na nusu.

Machi 29

Vidole vitatu. Namba saba imepita kona kwa mwendo wa maiti. Dereva akatoa kichwa dirishani, akanipigia kelele, "Mzee, kona yenu imelewa!" Yenu! Neno hilo limeniuma kuliko magoti. Pale kwa kinyozi wanasema treni inachelewa kila siku kwa sababu ya Kilgo, na kampuni ikichoka itaacha kusimama hapa. Wanasema genge la zamani lilijenga hovyo.

Aprili 1

Vidole vitatu na nusu. Nilikimbilia dukani kuwaambia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikuwa nimesahau tarehe.

Aprili 6

Mvua usiku na mchana. Arzula ameshafua mashuka ya Verlene mara mbili, hayakauki. Ameyatundika jikoni, tunakula tukiwa tumeinama.

Aprili 10

Tuggle kaja kukaa barazani.

"Ndugu Hardaway," akasema, "mkaguzi mkubwa anapita Jumatatu. Ataiona kona yetu ilivyo, na aibu itakuwa yetu."

"Wewe aibu umeizoea, Shemasi. Unaimba kwaya."

"Cheka tu. Binti yako naye ataiona. Atamwonyesha mtoto: tazama, kazi ya babu yako."

Hapo sikucheka. Tukatazamana. Mitaimbo yetu ya zamani iko nyuma ya kanisa, inashikilia uzio. Wa genge letu bado tuko watano tunaotembea.

Aprili 13, Jumamosi

Karatasi, leo shika kofia yako!

Kati ya saa saba na saa kumi mchana hakuna treni. Tukaenda kona ya Hatchaloo watano: mimi, Tuggle, ndugu wawili wa ukoo wa Pettus, na Lonzo Fikes anayeona kwa jicho moja. Ukijumlisha miaka yetu, tulianza kabla ya Columbus. Tukachomeka mitaimbo chini ya reli. Nikakohoa, nikatema, nikasema Bwana nisaidie, nikaanza:

Nina mke kule Mobile — he!
Nina mke kule Selma — he!
Arzula asisikie — he!
Isogeze kidogo tu — he!

Ikasogea! Haki ya Mungu, ilisogea kama droo iliyopakwa sabuni. Zamani watu kumi wenye mabega ya ng'ombe walitoka jasho la damu kuipata inchi moja. Leo wazee watano, kuimba mara nne, kusukuma mara nne, vidole vyote vitatu na nusu vimerudi nyumbani. Lonzo akalia kwa jicho lile moja. Tuggle, Tuggle huyuhuyu, akanishika bega akasema, "Ples, hiyo sauti haijazeeka."

Nilichuchumaa nikaitazama. Kona imenyooka kama nia ya mama mkwe. Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani. Arzula kauliza, "Huyo wa Selma ni nani?" Kumbe upepo ulikuwa unaelekea huku.

Aprili 15

Mkaguzi amepita. Amesimama kwenye kona, amechuchumaa, amefumba jicho moja (anajua kazi), kisha akampa mkono Stallworth. Stallworth kwanza alikodoa macho kama kaona mzimu. Halafu akasema, "Vijana wangu wamejitahidi, bwana."

Vijana wake! Nilikuwa nimesimama hatua ishirini, ulimi nimeuuma kwa meno yote kumi na tisa.

Kibao cha mwendo mdogo kimeng'olewa. Namba saba itapita maili arobaini na tano kwa saa, kama zamani. Tumeshinda.

Aprili 16

Mvua. Wakati wa kifungua kinywa namsimulia Arzula tena, mara ya sita. Alikuwa anakoroga uji wa mahindi. Kaniuliza bila kugeuka:

"Zamani mlikuwa wangapi?"

"Kumi."

"Mlikuwa vijana?"

"Kama simba."

"Na ilikuwa ngumu?"

"Ngumu? Mwanamke, tulikuwa tunalia!"

"Sasa imekuwaje wazee watano wakaisogeza kama droo?"

"Mimi niliimba, Arzula."

Akageuka, akanitazama. Akaendelea kukoroga.

Uji umenishinda.

Aprili 17

Nilikwenda kona peke yangu na mtaimbo. Nikauchomeka kando ya mataruma, mbao zinazobeba reli, pale ambapo zamani ungegonga jiwe ukakurudia mikononi. Umeingia. Umeingia kama kijiko kwenye uji, mpaka mkono wangu ukagusa udongo, na sikuwa nimeegemea.

Nikachuchumaa. Tumeinyoosha Jumamosi, leo Jumatano, imeshatoka tena kidole kimoja.

Namba saba ikaja. Nilisimama pembeni. Ilipita na maili arobaini na tano zake, na mimi nikaona mataruma yanazama na kuinuka, yanazama na kuinuka, kifua cha mtu anayehema. Maji ya matope yaliruka kutoka chini ya kokoto yakanilowesha suruali.

Basi ndivyo ilivyo. Reli haikusogea kwa sababu ya sauti yangu. Ilisogea kwa sababu chini yake hakuna kitu. Kona ilikuwa inapiga kelele ya kuomba msaada, na sisi watano, kwa sifa zetu, tumekwenda kuifunga mdomo.

Kilichokuwa kinapunguza mwendo wa treni ni ule mpindo. Nimeunyoosha mwenyewe. Na behewa la abiria weusi ndilo la mbele, nyuma tu ya behewa la mizigo. Humo ndimo Verlene na mtoto watakamokaa.

Aprili 18

Stallworth yuko juu huko kaskazini na kiberenge, hatakuja Kilgo kabla ya Jumamosi asubuhi. Nikamwambia karani wa stesheni awapigie kampuni simu ya upepo, telegramu. Kasema, "Niwaambie nini, mzee? Kwamba kona iliyopinda ilikuwa salama, na iliyonyooka ni hatari?" Akaniomba nimsimulie ile ya nyumbu.

Nimemtumia Verlene simu aje na mtoto kwa basi. Jirani yao kajibu: wameondoka tangu asubuhi, watalala kwa shangazi wa mumewe Birmingham, na anwani hatuna.

Nikamwendea Tuggle.

"Shemasi, inabidi tuseme tuliigusa."

"Tuseme nini? Tumegusa reli ya kampuni bila ruhusa. Sisi watu weusi. Hapa. Unajua sherifu ataliitaje hilo? Ataita kuharibu reli. Hatutauona mwezi wa Mei, Ples."

"Verlene yumo kwenye treni."

"Najua yumo."

"Mtoto yumo."

"Najua!" Alipiga kelele mpaka mbwa akatoka chini ya baraza. Kisha kwa sauti ndogo, "Na wewe wakikuamini, ni mara yako ya kwanza."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Aprili 19, Ijumaa Kuu

Mvua. Nimefunga. Si kwa dini.

Aprili 20

Saa kumi na mbili asubuhi. Mvua imekatika. Arzula kavaa nguo ya kanisa, anasema anakwenda stesheni kusubiri, na kwamba nisirudi nyumbani mpaka nimefanya nilichokwenda kufanya. Nakwenda.

Aprili 21, Pasaka

Sasa niandike ya jana.

Kiberenge cha Stallworth kiliingia saa mbili na nusu. Nikavua kofia, nikamwambia yote. Nani, lini, vidole vingapi. Sikuongeza nyumbu wala mamba. Nilisema kwa maneno machache kuliko wakati wowote tangu nibatizwe.

Akacheka. Nilijua atacheka. "Wazee watano! Mjomba Ples, huu sasa ndio uongo wako mkubwa kuliko wote. Nilidhani genge la sehemu ya kaskazini lilishuka kunisaidia."

"Kapteni, njoo uone."

"Nimeona. Kona imenyooka."

"Kapteni, binti yangu yumo kwenye namba saba. Kama ni uongo, nipeleke jela kwa uongo. Kama ni kweli, nipeleke kwa kweli. Vyovyote ni jela, nidanganye kwa faida gani?"

Akatoa saa yake, akaitazama. Akasema, "Dakika kumi."

Tulipofika Hatchaloo ilikuwa saa tatu kasoro. Mtaimbo wangu aliutazama unavyozama, akakunja uso, akasema mvua hulainisha udongo wa pembeni kila mwaka. Nikamwambia nitaisogeza reli mbele ya macho yake. Akasema, "Na nani?" Kwa kweli sikuwa na mtu. Nilikuwa peke yangu na kofia mkononi.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma. Tuggle, na suti yake ya ushemasi, mtaimbo begani. Nyuma yake wale ndugu wawili wa Pettus, na Lonzo kashikwa mkono asijikwae.

"Habari za asubuhi, Kapteni," Tuggle akasema. "Huyu mtu ni mwongo tangu tumboni mwa mama yake. Leo tu hapana."

Tukachomeka mitaimbo. Nilifungua mdomo nikaona wimbo hautoki. Miaka thelathini na mmoja haijawahi kunitokea. Wenzangu wanasubiri, Stallworth anatazama saa. Mwisho sikuimba. Nilisema tu, kama mtu anayeomba maji, "Twende." Wakasema he. Tukasukuma.

Ikaenda. Bila wimbo. Kidole kizima kwa msukumo mmoja, na chini ya mataruma likatoka jibu, sauti ya mguu ukichomolewa kwenye tope.

Kijana wa watu alipauka kama shati. Saa yake ilisema tatu na dakika ishirini. Aliruka kwenye kiberenge na bendera nyekundu, akakimbiza kuelekea kaskazini hivi kwamba kofia yake ilibaki nyuma hewani, na haki ya Mungu hiyo siongezi.

Tulikaa juu ya reli wazee watano. Lonzo akaweka sikio kwenye chuma. Mara, "Inakuja." Mara, "Bado inakuja." Mimi nilihesabu mataruma yaliyo mbele yangu, nikafika kumi na saba, nikaanza tena. Kisha Lonzo akainua kichwa. "Imesimama."

Sikuamini, nikaweka sikio langu mwenyewe. Kimya.

Abiria waliteremshwa kabla ya kona, wakapita kwa miguu juu ya mataruma, mmojammoja, weupe mbele, halafu sisi weusi. Verlene alikuwa na koti la kijani na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Alipoona nimekaa pale na matope mpaka kiunoni, akasema, "Baba, umefanya nini tena?"

Saa tisa alasiri tuta liliondoka. Hapakuwa na treni juu yake, hapakuwa na upepo. Lilishuka taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri. Reli ikabaki inaning'inia hewani na mataruma yake, ngazi isiyoegemea popote.

Kabla hajaondoka Stallworth alituita pembeni. Hakututazama usoni. "Kona nimeigundua mimi, nilipokuwa nakagua. Ninyi hamkuwapo. Si leo, wala Jumamosi ile. Nikiandika kwamba mligusa reli, lazima niandike na majina, na majina yakiandikwa yanakwenda kwa sherifu. Mmenielewa?" Tukasema tumekuelewa, Kapteni. Akasita, akanipa mkono haraka, akageuka kutazama kama kuna aliyeona.

Leo baada ya ibada nyumba ilijaa. Arzula kapika nyama ya nguruwe, viazi vitamu, mboga, na keki ambayo ilikuwa imekwisha kabla ya nyama. Watu wamekaa hadi ngazini, jirani, kwaya, hata yule karani Mzungu wa stesheni kaja kuchukua sahani yake mlango wa nyuma. Tuggle kakaa mbele yangu anatafuna kwa ufizi, ananitazama. Mtoto yuko mapajani mwangu, mzito, ana masikio yangu makubwa, maskini.

Verlene akasema, "Baba, watu wote wanauliza. Kwa nini treni ilisimama jana? Na ninyi wazee mlikuwa mnafanya nini pale?"

Vijiko vikashuka. Mtu mmoja akasogeza kiti karibu. Wote walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanasubiri. Nilikuwa nayo mdomoni, hadithi kubwa kuliko zote za maisha yangu, ya kweli kuanzia kichwa mpaka mkia, na mashahidi wanne wamekaa humohumo ndani wakiwa na mafuta vidoleni.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Sisi tulikuwa tunapita tu. Kula, chakula kinapoa."

Arzula akaweka chini bakuli, akazunguka meza, akanigusa paji la uso kwa kiganja aone kama nina homa.